Mchezo wa Kulinda Nyumba

Ukuta wa upande wa jua kuchomoza ulianguka wiki mbili baada ya kumzika mama. Haukuanguka kwa kishindo. Mchwa walikuwa wameula kutoka ndani kwa miaka mingi, na baba, ambaye angeukandika upya, alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla kwa ugonjwa wa kifua. Tulipoamka asubuhi tulikuta mbuzi wa jirani amesimama chumbani anatutazama, kama mgeni asiyejua akae wapi. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka mitano, alicheka mpaka akakohoa. Dada yangu alimtoa mbuzi kwa ufagio, halafu akaanza kufagia udongo ule ulioanguka kana kwamba ni takataka za kila siku. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa na kumi na minane, na shule nilikuwa nimeiacha darasa la saba, baba alipoacha kuinuka kitandani.

Nyumbani kwetu ni upande wa Nuu, migongo miwili ya vilima kutoka sokoni. Habari ya ukuta ilifika kwa wazee wa ukoo kabla ya wiki kwisha, na Jumapili baada ya ibada walikuja. Baba mdogo pia alikuja. Huyo ndiye aliyekuwa amehamia Makueni kutafuta ardhi kabla sijazaliwa, na alikuwa ndiye mkubwa wetu sasa. Alizunguka nyumba, akaingiza kichwa pale palipokuwa ukuta, akakitoa.

"Hapa watu hawalali," alisema. "Msichana nitaenda naye. Huyu mdogo ataenda kwa shangazi yenu kule Kanyangi. Wewe ni mwanamume, utajitafutia."

"Hatuachani," nilisema.

"Umesema nini?"

"Baba mdogo, nimesema hatuachani. Nitafyatua matofali, niyachome, nijenge nyumba."

Wazee walicheka. Mmoja alisema, "Hata ndevu hana, tayari anataka boma!" Mwingine akamjibu, "Mwacheni. Baba yake alikuwa kichwa ngumu hivi hivi."

Aliyenisaidia ni mama mmoja mzee, kiongozi wa mwethya. Mwethya ni kikundi cha kazi cha kijiji: leo tunachimba matuta kwako, kesho kwangu. Alisema, "Akiwa na matofali, tutamjengea. Lakini mwethya haifyatulii mtu matofali, kijana. Nikija hapa nikute yamechomwa, yamepangwa. Na nije kabla mvua haijashika, kwa sababu ikishika sote tuko shambani, na hatutoki huko mpaka palizi iishe."

Basi wakakubaliana hivyo. Mvua ya Novemba ikija ikute matofali yaliyochomwa, watoto watakaa. Isipoyakuta, watagawanywa. Baba mdogo alitikisa kichwa, lakini alitia mkono wake katika maneno hayo, na mimi nikatia wangu.

Tulianza kesho yake. Kule mtoni kuna udongo mwekundu unaoshika vizuri. Niliuchimba, nikaukanyaga kwa miguu mpaka ukawa laini kama ugali, nikaujaza kwenye kalibu ya mbao niliyoazima. Dada alileta maji kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Alikuwa akiigonga kalibu mara moja tu na tofali linatoka na kona zake nne, wakati langu linatoka limepinda kama limekunywa pombe.

"Hili lako tutaliweka wapi?" aliniuliza.

"Tutaliweka juu kabisa, ndege walione."

"Ndege watacheka mpaka waanguke."

Siku moja kitinda mimba alitembea juu ya matofali mabichi, akaacha nyayo zake kwenye safu nzima. Nilimgombeza kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Halafu nikawaambia wote wawili kitu ambacho nimekirudia kichwani mwangu miaka yote hii. Nilisema, "Mtu asiguse matofali yangu. Hata nyoka akipita juu yake, msiguse, mniite mimi." Dada aliitika. Alikuwa mtoto wa kushika neno.

Chakula tulikipata kwa punda. Nilichota maji kwenye visima vya mchanga, nikapeleka mitungi sokoni kwa duka la familia moja ya Kiislamu iliyotoka kaskazini mashariki, na wao walinipa unga, sukari na chumvi. Mwenye duka alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mara nyingi yuko safarini. Aliyebaki dukani ni mpwa wake, kijana wa rika langu, mrefu, mcheshi, aliyechoshwa na Nuu kuliko mtu yeyote niliyemjua. Mwezi wa Septemba mjomba wake alimletea kutoka Nairobi televisheni ndogo na chombo cha gemu. Waliviweka chumba cha nyuma, vikaendeshwa kwa betri ya lori.

"Fundi," aliniita. Alikuwa akiniita fundi kwa sababu ya udongo uliokauka kwenye miguu yangu. "Shusha maji uje huku. Hii kitu inataka watu wawili, na mimi niko peke yangu kama shetani."

"Sijui kucheza."

"Nani alizaliwa anajua? Kaa."

Jina la ile gemu silijui, maandishi yake yalikuwa ya nchi za mbali. Sisi tuliiita nyumba. Katikati ya kioo, upande wa chini, palikuwa na nyumba ndogo yenye bendera. Kwanza unapewa matofali, na muda mfupi wa kuyapanga kuizunguka nyumba upendavyo. Halafu kengele inalia, na vifaru vya adui vinashuka kutoka juu, vinapiga risasi, vinabomoa. Wewe una kifaru chako, na mwenzako chake. Mnakimbia huku na huku mkivipiga kabla havijafika. Mkisalimika mnapewa matofali mengine, mnaziba palipobomoka, kengele inalia tena. Risasi moja ikiipata nyumba, yote yameisha.

Yule kijana alikuwa akijenga ovyo. Alirundika matofali yote mbele, kisha akaenda kupigana huko juu kama mwendawazimu, na vifaru vikazunguka nyuma.

"Unajenga kama mtu anayehama kesho," nilimwambia.

"Na wewe jenga basi, tuone."

Nikajenga. Niliweka safu mbili, zikipishana, tofali la juu likikaa juu ya kiungo cha mawili ya chini, kama nilivyoona mafundi wakifanya. Mbele niliacha njia moja nyembamba, ili adui apite hapo hapo tu, na mimi nikasimama mdomoni mwake. Vifaru vilikuja kimoja kimoja. Nilivipiga kimoja kimoja. Yule kijana alishika kichwa.

"Wallahi, Mkamba huyu! Kutwa nzima unachimba mchanga kutafuta maji, kumbe ulikuwa unajificha!"

Sikuwa nimecheka tangu mazishi. Siku hiyo nilicheka.

Nilianza kwa kukaa kidogo, muda wa punda kupumzika. Kisha nikakaa zaidi. Siandiki haya kujitetea, naandika ilivyokuwa. Nyumbani kila nilichoshika kilikuwa kinangoja kitu kingine: udongo ungoje maji, maji yangoje punda, matofali yangoje jua, watoto wangoje mimi. Mle ndani nilijenga na nikaona ukuta umesimama papo hapo. Ulipobomoka nilipewa mwingine. Hakukuwa na mtu wa kulisha ndani ya ile nyumba yenye bendera, wala hakuna aliyekuwa akilia ndani yake akimtaka mama. Niliilinda, basi.

Mwishoni mwa Oktoba matofali yalikuwa yametosha. Kuni za tanuri zilikuwa tayari, nilizikata mwenyewe nikazipanga karibu na mto. Asubuhi ile jua lilikuwa kali na mbingu nyeupe. Niliondoa nyasi zote tulizofunikia matofali, ili yamalizie kukauka, na kesho yake tuyapange tuwashe moto. Wiki moja zaidi na mwethya wangeitwa. Nilipakia mitungi, nikamwambia dada, ambaye shule yake ilikuwa imefungwa, "Nafika sokoni narudi."

Nilifika, nikashusha maji, nikacheza. Siku hiyo tulifika mahali ambapo hatukuwahi kufika. Vifaru vilikuwa vya rangi nyingine, vya kasi, na kila tulipovishinda yule kijana aliruka akagonga dari. Nilisema moja tu, niende. Nikasema tena moja. Pale sokoni jua liliendelea kuwaka. Bati la duka lilikuwa likipasuka kwa joto juu yetu. Hata tone moja halikuanguka.

Watu wa kwetu wanajua mvua ya kwanza inavyofanya. Inanyeshea mgongo mmoja wa kilima na kuuacha wa pili. Mtu anaweza kuanika mtama huku jirani yake anakinga maji ng'ambo. Nilijua hilo tangu utotoni, na bado nilitoka dukani nikatazama jua nikaridhika. Nilipofika kwenye mgongo wa pili ndipo nilipoona vumbi la njia limepata vidoa. Mbele kidogo, vidoa vikawa tope. Punda alisimama akanusa hewa. Nilianza kukimbia, mitungi mitupu ikigongana ubavuni mwake nyuma yangu.

Dada alikuwa amesimama katikati ya matofali, amelowa, mikono imening'inia. Alikuwa ametoa kila kitu ndani ya nyumba. Blanketi zote tatu, magunia, mkeka, nguo za baba, rinda la mama la kanisani. Mlango alikuwa ameung'oa, sijui kwa nguvu gani, akaulaza juu ya safu moja. Chini ya mlango matofali yalikuwa mazima. Kwingine kote yalikuwa yamelala, yameshikana, yamerudi kuwa udongo. Kitinda mimba alikuwa amekaa chini ya kijiti, analia bila sauti.

"Nilikawia kuyafunika," dada alisema. "Mawingu yalipokuja nilikumbuka ulisema tusiguse. Nikakungoja kidogo. Nikadhani uko njiani."

Niligusa tofali moja, likabaki tope mkononi.

"Ulikuwa wapi?"

"Dukani. Nilikuwa nacheza ile gemu."

Aliniangalia. Kisha aliinama akaliokota rinda la mama, akalikamua. Maji mekundu yalitoka. Akalikung'uta, akaenda kulianika kwenye kamba, akarudi kuokota blanketi. Hakuniambia neno baya hata moja, siku hiyo wala siku nyingine.

Niliendelea. Asubuhi iliyofuata nilikuwa mtoni nafyatua tena. Yule kijana wa duka aliposikia alikuja mwenyewe kwa miguu, amebeba turubai la lori la ng'ombe begani, akatandika juu ya yale machache yaliyobaki. Alisema, "Fundi, ungeniambia una matofali nje ningekufukuza." Hakuwa anatania. Lakini mvua iliyokuja mapema haikurudi nyuma. Ilishika wiki hiyo hiyo, na mwethya wakashika majembe.

Baba mdogo alifika na wazee wale wale. Tulikaa upande wa nyumba uliobaki na kuta. Safari hii kulikuwa pia na mzee mmoja wa kanisa ambaye nyumba yake iko karibu na soko, na yeye ndiye aliyeanza.

"Mimi sisemi mvua haikuja mapema," alisema. "Mvua ni ya Mungu. Lakini kuna mtoto wa boma hili anayeshinda kwenye televisheni ya dukani. Punda wenu nimemwona amefungwa pale mchana kutwa, siku nyingi. Hata siku hiyo matofali yaliponyeshewa, punda alikuwa pale."

"Ni nani?" baba mdogo aliuliza.

Nilijua kilichokuwa ndani ya swali lile. Mkubwa akipatikana na kosa hilo, hakuna boma tena. Dada angeenda, kitinda mimba angeenda, na wazee wangekuwa na haki. Nilikuwa nimefungua kinywa, hilo nakumbuka. Nilikuwa natafuta neno la kwanza.

"Ni mimi," dada alisema.

Baba mdogo aligeuka. "Wewe?"

"Ni mimi niliyepeleka maji siku hiyo. Yeye alikuwa anakata kuni za tanuri. Nilipofika dukani nikakaa kutazama. Hata siku zile zingine ni mimi."

"Msichana? Kwenye chumba cha nyuma cha duka?"

"Nilikuwa natazama tu."

Mzee wa kanisa alishusha pumzi kama mtu aliyethibitishiwa jambo. Mama wa mwethya alimtazama dada kwa muda, kisha akanitazama mimi, na nadhani yeye alijua. Hakusema. Dada alikuwa amempakata kitinda mimba, kidevu chake juu ya kichwa cha mtoto, na macho yake yalikuwa kwangu. Hayakuwa yanaomba kitu. Yalikuwa yananiambia ninyamaze, kama vile mama alivyokuwa akitutazama wageni wanapokuja na chakula ni kidogo.

Nilinyamaza. Nilijiambia nitasema wakimaliza kuongea. Kisha nikajiambia nitasema kesho.

Waliamua upesi. Msichana aliyeanza kuzurura madukani anataka mwanamke wa kumwangalia, kwa hivyo ataenda Makueni. Huyu kijana amejitahidi, amepewa msimu mmoja zaidi. Mdogo abaki naye ajaribu. "Hukosi moyo," baba mdogo aliniambia, akanipiga bega. Sijawahi kupigwa bega kukaniuma vile.

Dada aliondoka siku ya tatu. Alifunga nguo zake kwenye kiondo. Kitinda mimba alimfuata mpaka kwenye mto akidhani anaenda kuchota maji. Nilimwambia dada kando, baba mdogo akiwa ametangulia, "Nitamwambia baba mdogo. Nitamwambia sasa hivi, kabla hamjafika barabarani."

"Ukimwambia, huyu atalala kwa nani?" Alionyesha mtoto kwa kidevu. "Mwanaa mwaitu, jenga nyumba. Ukimaliza, njoo unichukue."

Mwanaa mwaitu ni mtoto wa mama yangu. Ndivyo tunavyoitana sisi tuliotoka tumbo moja.

Nilijenga. Msimu wa kiangazi uliofuata nilifyatua, nikafunika, nikaanika kwa macho yangu, nikachoma. Kwa siku zote za moto nilikula nimesimama. Mwethya walikuja alfajiri wakiimba, na jua lilipozama kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, juu ya milango. Dukani niliendelea kupeleka maji lakini niliyashusha mlangoni. Yule kijana aliniita mara mbili, tatu, kisha akaelewa, akaacha. Baadaye alirudi kwao na televisheni yake ikaenda naye.

Nyumba ilipoezekwa nilisafiri Makueni kumchukua dada. Nilimkuta anakoboa mahindi ya muthokoi, chakula chetu cha mahindi na maharagwe, kwenye kinu, mkewe baba mdogo ameketi karibu na mtoto mchanga. Dada alikuwa amerefuka. Shule ya huko ilikuwa karibu, alikuwa darasa la sita, wa tatu darasani. Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki asomwe hapa kama mtu mbaya.

"Umejenga, nimesikia. Hongera," alisema. "Lakini huyu sasa ameshika masomo. Unataka nimtoe? Kule kwenu kuna mwanamke? Akivunja ungo atamwuliza nani, wewe?"

Niliondoka peke yangu. Dada alinisindikiza mpaka kwenye mtaro wa mwisho wa shamba. Alikuwa ameanza kuongea kama watu wa huko, maneno yakimtoka haraka. Alimwita mkewe baba mdogo mama. Aliposema hivyo alinitazama, akaona nimesikia, na hakujisahihisha.

Nilienda tena mwaka uliofuata, na mwingine. Kila mara kulikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri. Mtihani. Mtoto mwingine. Ukame. Kisha sababu ikawa yeye mwenyewe, kwamba pale ndipo marafiki zake walipo, pale ndipo kanisa lake lilipo. Nyumba niliyoijenga ili tusiachane alilala ndani yake mara mbili tu, wakati wa Krismasi, na alikuwa akiuliza chumvi inawekwa wapi.

Alipofika miaka ishirini nilipata ujumbe kwamba watu wanakuja na ntheo. Ntheo ni wale mbuzi ambao bila wao mwanamke hahesabiki kuwa mke wa mtu. Wanaletwa kwenye boma la msichana, mmoja anachinjwa hapo hapo, na mkono unaowapokea ndio unaosema msichana ni wa nani. Nilifunga safari na kitinda mimba, ambaye tayari alikuwa kijana anayenikaribia kwa urefu. Njiani nilikuwa na wazo moja. Baba hayupo, mimi ndiye mkubwa. Pengine wangeniita nipokee kamba.

Mbuzi walikuja, weupe wawili na beberu mwekundu, na wazee wa upande wa pili walikuwa na maneno matamu. Kabla ya kupokea, baba mdogo alisimama kuwaeleza wageni msichana wanayemchukua. Alisifu kazi yake, kanisa lake, utulivu wake. Kisha akacheka.

"Lakini msidhani alizaliwa hivi! Nilipomchukua kule Nuu, alikuwa amepotelea kwenye gemu za dukani. Aliacha matofali ya ndugu yake yakanyeshewa na mvua yote! Ni hapa aliponyooshwa."

Wageni walicheka kwa furaha. Mmoja alipaza sauti, "Bwana arusi, ficha televisheni!" Wakacheka zaidi. Dada alikuwa amekaa na wanawake, kichwa ameinamisha kama desturi inavyotaka.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga. Nilisema, "Haikuwa yeye. Ilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nacheza."

Baba mdogo alinitazama kama mtu anayetafuta mzaha ulipo. Upande wa wageni mzee mmoja aliweka fimbo yake chini. Na kabla mtu yeyote hajauliza, dada aliinua kichwa, akacheka kicheko cha wazi.

"Msimsikilize! Huyu ndugu yangu ananitetea tangu nikiwa mdogo. Gemu ataijulia wapi? Hata redio inamshinda kuwasha."

Watu wakacheka kwa nafuu. "Ndugu mzuri!" mtu mmoja alisema. "Keti, ndugu, umempenda vya kutosha." Nikaketi. Kitinda mimba alinigusa kiwiko, akaninong'oneza, "Kwa nini umesema vile?"

Baada ya nyama nilimkuta dada nyuma ya jiko, anaosha sufuria na mabinti wengine. Aliwatuma maji, tukabaki wawili.

"Kwa nini hukuniacha?" nilimwuliza. "Miaka minane nimeibeba."

"Wewe umeibeba?" Hakuinua sauti. Aliendelea kusugua sufuria kwa majivu. "Mimi ndiye niliyeitwa hiyo kitu. Kila nikikawia mtoni, gemu. Kila nikisahau kitu, gemu. Nimeibeba mpaka ikawa yangu. Halafu leo, mbele ya watu ninaoenda kukaa nao, wajue kwamba nilidanganya wazee? Wajue baba mdogo alilea mtu kwa uongo? Wewe ungetoka hapa umepumzika. Mimi ningebaki."

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeliweka neno hilo kwa muda mrefu hivi kwamba lilitoka dogo.

"Nilikusamehe siku ile ile," alisema. "Ungekuja kunichukua mapema, ningekuwa nimekuja. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakungoja kila Jumamosi. Baadaye nikachoka kungoja, si kukuchukia. Nilichoka tu."

Mabinti walirudi na maji. Alinifuta jivu lililoniingia kwenye mkono wa shati, akaniambia niende nikakae na wazee, wataniulizia.

Niliporudi, walikuwa wamefika kwenye kupokea. Mzee wa upande wa bwana arusi alishika kamba ya wale mbuzi wawili waliobaki, akauliza, kama inavyoulizwa, ni mkono wa nani unaopokea. Baba mdogo alisita. Nimpe haki yake, alisita, akageuza uso kunitafuta mimi. Nilimwona akinitafuta. Mimi ndiye niliyetikisa kichwa, nikamwonyesha kwa mkono kwamba ni yeye.

Alipokea kamba. Wanawake walipiga vigelegele. Mbuzi waliongozwa kupita mbele yetu mpaka zizini kwake, na nikaondoa miguu yangu ili wapite.